Kigoda cha Sura ya Saba

Vijana wangu, ninyi mnaoanza kazi ya makumbusho leo mnapewa glavu na kitambulisho siku ya kwanza. Mimi nilipewa ndoo na tambara. Niliajiriwa kufagia na kupiga deki, na pengine ningestaafu na ufagio mkononi kama Mzee Ramadhani asingenikuta siku moja nimepiga magoti mbele ya chungu, nasoma kibandiko badala ya kufuta sakafu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza vitu, mwenye dhamana ya kila kilichomo stoo na kwenye makabati. Hakunikaripia. Aliniuliza naona nini. Nikamwambia kibandiko kinasema chungu hiki ni cha kupikia, lakini aliyeandika hajawahi kupika, maana chungu chenye shingo nyembamba vile utasongaje ugali ndani yake? Kile ni cha maji. Akakitazama kwa muda mrefu, halafu akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Wiki iliyofuata kibandiko kilibadilishwa, na mimi nikahamishiwa stoo.

Naitwa Pelagia. Kwetu ni Ntalikwa, na sasa nimerudi huko kulima karanga. Mmenitumia ujumbe mara mbili mkitaka nije hapo makumbusho niwaeleze kazi ilivyokuwa, na mara zote mbili goti langu limekataa. Kwa hiyo nawaandikia.

Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa Kanyenye, na kabla ya kutunza vitu alikuwa seremala. Alinifundisha kwamba kiti hakinyanyuliwi kwa kushika mgongo, kwa sababu mgongo ndio unaotangulia kuchoka. Vibandiko alivipachika kwa usawa wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Mtu mzima akitaka kusoma atainama mwenyewe. Kila kibandiko kipya alimpa mlinzi wa getini akisome kwa sauti, na pale mlinzi alipokwama, maneno yalikatwa. Lakini somo lake kubwa lilikuwa kugeuza kitu na kukitazama chini kabla hujakitazama usoni. Alikuwa akisema, "Usoni kimepambwa kwa ajili ya wageni. Chini ndiko wenyewe walikokishika."

Msidhani nilishika yote. Mwaka wangu wa kwanza stoo niliona wadudu wameingia kwenye kilindo chetu. Kilindo, kwa msiokijua, ni sanduku la duara la gome la mti, lililoshonwa kwa kamba, ambalo wazee wetu walihifadhia mbegu, nguo na asali. Nikafanya kama ninavyofanya na maharage ya nyumbani: nikakitoa juani saa sita mchana. Alasiri nikasikia mlio nje, kama mtu amevunja ukuni. Kilikuwa kimepasuka toka juu hadi chini. Mzee Ramadhani alikiokota mwenyewe. Alikiweka juu ya meza yangu, akakiacha pale mwezi mzima, nikawa nanywa chai huku nakitazama. Tangu hapo sijaanika hata mkeka bila kuuliza kwanza.

Sasa niwapeleke mbele. Miaka mingi baadaye Mzee Ramadhani alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mtunza vitu ni mimi. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Tulipata mkuu mpya, Bwana Festo, mtu mwenye bidii, shati limepigwa pasi hata Jumamosi, mwenye kupenda karatasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Asubuhi moja aliingia stoo na riwaya mkononi. Sitaitaja jina. Mliisoma shuleni, na najua baadhi yenu bado mna kinyongo nayo kwa sababu ya mtihani. Ni ile ya Nyamizi, mwanamke anayefuata msafara wa wapagazi kutoka huku kwetu mpaka pwani, mtoto mgongoni, kilindo kichwani. Bwana Festo alitaka tufanye maonyesho ambayo kila sura ya kitabu itawekwa pamoja na sanaa ya zama zile: shanga, mikeka, vyungu, milango ya nakshi, vitu vya kuchongwa. Mgeni asome kipande cha riwaya ukutani, kisha ageuke aone kazi za mikono ya watu waliokuwa wakiishi wakati huo huo.

Niliupenda mpango ule, nikaanza kubishana nao siku hiyo hiyo. Yeye alitaka kuta zijae picha zilizochorwa na wasafiri wa kigeni. Nikamwonyesha kwamba kwenye picha zile msafara mzima ni wanaume na pembe za ndovu, ilhali kwenye kitabu wanawake wapo kila ukurasa. Nikamwambia picha za wageni ziwekwe ukuta mmoja tu, na zilizobaki zote tuweke kazi za wanawake wenyewe. Alifikiri siku moja, akakubali. Ndiyo maana nasema alikuwa mtu mwema. Ukimbishia kwa hoja, alisikia, hata kama alichelewa.

Sura ya saba ilikuwa rahisi kuliko zote, au tulidhani hivyo. Katika sura hiyo Nyamizi anaanguka kwa homa katika kijiji kimoja, na mzee wa pale anainuka kwenye kigoda chake na kumpisha aketi. Mwandishi amekieleza kigoda kile kwa makini: miguu mitatu, mgongo mrefu, mikono miwili imechongwa mgongoni kama inamkumbatia anayekalia, na mguu wa kushoto umefungwa kwa waya wa shaba. Nasi stoo tulikuwa na kigoda hicho hicho, mpaka ule waya. Tulishangilia bahati yetu. Bwana Festo alisema bila shaka vigoda vya namna ile vilikuwa vingi enzi hizo. Kwenye daftari la stoo kiliandikwa kwa maneno machache: mchongaji hajulikani, mahali kilikotoka hapajulikani. Kijana mmoja wa mafunzo alikuwa ameshahamisha daftari zima kwenye kompyuta, na kompyuta ikalinakili neno "hajulikani" kwa uaminifu mkubwa, kitu baada ya kitu.

Tulichokosa ni kilindo. Cha kwetu mnajua nilichokifanya. Muuza asali mmoja wa sokoni akanielekeza kwa bibi mmoja karibu na Kaliua ambaye bado anahifadhi mbegu zake ndani ya kilindo cha zamani. Nikapanda treni ya Kigoma, nikashuka Kaliua, nikatafuta bodaboda.

Nilimkuta Bibi Kabula uani anaanika matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Alikuwa amezeeka sana, lakini mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Nikampigia goti, nikamwamkia shikamoo; akaitikia marahaba, akanipa kiazi, akaniacha nieleze shida yangu mpaka mwisho bila kunikatiza. Kilindo nilikiona mlangoni, kizuri, mshono wake umenyooka kama mstari wa daftari.

"Kitarudi lini?" akaniuliza.

"Baada ya miezi sita, bibi."

"Na kigoda kitarudi lini?"

Nikamwambia sijui habari ya kigoda. Ndipo akaniambia, akiwa anaendelea kupanga viazi vyake. Babu yake, Mzee Maganga, alikuwa mpagazi ujanani, na alikuwa pia mchongaji. Alichonga kigoda chake mwenyewe kabla ya safari ya kwanza ya pwani. Kila aliporudi alikipindua, akapasha chuma moto na kukichoma alama moja chini ya kikalio, na alama zote zilikaa katika mstari. Alirudi mara tatu. Alama ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zile mbili, kwa sababu mara hiyo alirudi mgonjwa na mkono haukuwa na nguvu ya kukandamiza chuma. Baada ya babu kufariki, Bibi Kabula akiwa bado binti, alikuja mtu kwa gari, suruali ya kaki, kalamu mfukoni. Akasema anakwenda kukionyesha kwa watu na atakirudisha baada ya mavuno. Alikuwa wa ofisi gani hakuna aliyeuliza. Mama yake Bibi Kabula alikifuta vumbi kabla ya kukikabidhi.

Nikaweka kiazi chini. Nikamuuliza kama kigoda kilikuwa na waya.

"Mguu wa kushoto," akasema. "Nilikiangusha mimi nikiwa mdogo, ukapasuka. Babu akaufunga shaba, wala hakunipiga."

Kitabu nilikuwa nacho mkobani. Nikamwomba nimsomee ukurasa mmoja, nikamsomea sura ya saba. Aliacha viazi. Nilipofika kwenye waya alifumba macho. Nilipomaliza akaniambia kwamba zamani, babu akiwa hai, mwalimu mmoja kijana alipanga kwao, mwembamba, mwenye kikohozi. Kila jioni alikaa na babu kumuuliza habari za safari na kuandika kwenye daftari. Walisikia baadaye kwamba ametoa kitabu, lakini hakuna aliyewahi kuwaletea.

"Ameandika vizuri," akasema. "Ila amedanganya kidogo. Babu hakumpisha mtu yeyote kigoda kile. Hata padri alikaa kwenye mkeka."

Sikuomba kilindo tena. Nilimwambia ninachokijua: kwamba kigoda kipo, kwamba nimekifuta vumbi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba nitarudi na jibu. Akarudi kwenye viazi vyake. Watu waliomwahidi kurudi hawakuwa wageni kwake.

Nikapanda treni ya kurudi. Lipo jambo sikumwambia, nawaambia ninyi. Alama zile nilizijua, ingawa idadi yake sikuikumbuka. Niliziona mwanzoni mwa kazi yangu, nilipokipindua kigoda kama nilivyofundishwa. Nikaziona, na sikuuliza ni za nini. Niliandika kwenye daftari kwamba sehemu ya chini imeharibiwa na moto, nikachukua nta ya nyuki, nikaichanganya na masizi ipate rangi ya mti, nikaziba mashimo yote na kuyasugua mpaka yakapotea. Nilisifiwa kwa kazi ile. Mzee Ramadhani alikuwa likizo wiki hiyo, na aliporudi sikumwonyesha, kwa kuwa nilitaka aone mwenyewe na kushangaa. Hakuona. Nilikuwa nimeziba vizuri mno.

Kesho yake nilimweleza Bwana Festo kila kitu, pamoja na nta. Alisikiliza, akavua miwani. Aliniambia riwaya ni jambo la kubuni na haiwezi kuwa ushahidi. Bibi angeweza kusimuliwa kitabu na mjukuu yeyote anayesoma shule, akaokota habari ya waya humo. Daftari ndilo linalotambulika, na daftari linasema hajulikani. Alisema pia jambo lililokuwa linamtisha kweli: tukikubali hiki, kesho getini patakuwa na foleni. Zilikuwa zimebaki wiki chache tufungue.

Nikamwambia alama za chini hazimo kwenye riwaya. Hazimo hata kwenye daftari, maana mimi niliandika "moto" tu, bila idadi wala ukubwa. Na tangu niliposhindilia nta hakuna jicho lililoziona. Nikamwomba achukue karatasi aandike maneno ya Bibi Kabula kama nilivyoyaeleza, alama tatu, mstari mmoja, ya mwisho ndogo, atie sahihi na tarehe, kisha twende stoo. Karatasi alizipenda. Akaandika.

Hapa nawapa ufundi, kwa sababu siku moja mtauhitaji. Nta haitolewi kwa kisu. Unakunja kitambaa, unakichovya maji ya moto, unakikamua kabisa, unakiweka juu ya nta mpaka ilainike, halafu unaitoa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa butu, kidogo kidogo, ukifuta kijiti kila mara. Ukiharakisha unatoa na mti. Bwana Festo alivuta kiti akakaa karibu yangu, mikono ya shati amekunja. Shimo la kwanza lilichukua muda mrefu. La pili likaenda haraka. Nilipohamia mahali pa tatu nta haikutoka, nikadhani hapo hapakuwa na kitu, nikadhani bibi amekosea au mimi nimesikia vibaya. Nikarudisha kitambaa. Ikaachia. Alama ilikuwa ndogo kama ncha ya kidole cha mtoto, haina kina, na pembeni imekwaruzika pale chuma kilipoteleza.

Bwana Festo aliiinamia mpaka pua ikakaribia mti. Kisha akasema, "Andika jina lake."

Nikaandika kibandiko siku hiyo hiyo: kilichongwa na Maganga, mpagazi, wa karibu na Kaliua. Mlinzi akakisoma bila kukwama. Lakini jina halikunitosha. Nilimwambia mkuu wangu kwamba sitakipandisha kigoda jukwaani mpaka pawepo karatasi inayosema mwenye mali ni ukoo wa Maganga na makumbusho ni mwazimaji, na kwamba maonyesho yakiisha kinarudi Kaliua. Akaniuliza kama najua ninamwambia nani. Nikamjibu kwa heshima kwamba najua, na kwamba akitaka kumpa mtu mwingine funguo za stoo nitamkabidhi leo. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hofu. Pensheni yangu ilikuwa karibu, na mume wangu alinikumbusha hilo mara kadhaa wakati wa kula. Siku mbili Bwana Festo hakuja stoo. Siku ya tatu alikuja na nakala ya barua aliyowaandikia wakubwa zake kwa mkono wake mwenyewe, ndefu, yenye hoja zangu zote na nyingine ambazo sikuzifikiria. Jibu lilipokuja likiwa la kukubali, alinisomea akiwa amesimama.

Siku ya ufunguzi alituma gari Kaliua. Bibi Kabula alishuka akiwa amevaa vitenge vipya, na kilindo amekipakata mwenyewe. Hakumpa dereva. Alinikabidhi mimi, akasema mbegu ameziacha nyumbani, nami niangalie kisipigwe na jua. Sikumweleza kwa nini nilicheka.

Nilimtembeza chumba kwa chumba. Alisoma kwa vidole zaidi ya macho, akiifuata mishono ya mikeka hewani bila kuigusa. Tulipofika sura ya saba alisimama. Kigoda kilikuwa juu ya jukwaa la chini, kamba imezungushwa, kibandiko kimoja cha jina na kingine cha "Tafadhali usiguse." Alisoma jina la babu yake polepole, herufi kwa herufi, mdomo ukitembea. Halafu akanyanyua kamba, akapita chini yake, akageuka, akaketi.

Kijana wetu wa ulinzi alinitazama. Mimi nilikuwa mtunza vitu, na kazi yangu ilikuwa kumwinua. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimewafukuza wanafunzi, wazungu, na mara moja diwani. Nilimwashiria kijana abaki alipo. Wakati huo Bwana Festo akaingia na mgeni rasmi na watu wake, wote wakasimama mlangoni wakimtazama bibi aliyeketi katikati ya maonyesho, ile mikono miwili ya mti ikiwa nyuma ya mabega yake. Mgeni rasmi akauliza kama hiyo ni sehemu ya ratiba.

Bwana Festo alinitazama, akamtazama bibi. "Huyo ndiye mwenye kigoda," akasema. "Tumeazima kwake."

Bibi Kabula akawaitikia shikamoo zao mmoja mmoja akiwa ameketi. Hakumpisha mtu.

Maonyesho yalipokwisha nilikipakata kigoda kwenye treni mpaka Kaliua, nimekizungushia blanketi, na kilindo kikiwa miguuni pangu. Abiria wa mbele yangu aliniuliza nakiuza bei gani, nikamwambia hakiuzwi, nakirudisha. Akaniuliza kilikuwa kimeibwa? Nikamwambia kilikuwa kimesahaulika, na kwamba mmoja wa waliokisahau ni mimi. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakipindua kwanza, akaita wajukuu waje waone. Nilikaa kwenye mkeka na wengine.

Muda niliobakiza kabla ya kustaafu sikuupumzikia. Nilichukua daftari nikaanza kufuata kila penye neno "hajulikani". Bwana Festo alinipa baiskeli ya ofisi, baadaye pikipiki na dereva. Nilikwenda Urambo kwa ajili ya mkeka, Sikonge kwa ajili ya mzinga wa nyuki, na safari nyingi nilirudi mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Vitu vichache nilivipatia majina. Vingi bado.

Hivyo ni vyenu. Msivisubiri vijitaje. Kwenye rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia stoo, kuna ngoma yenye ngozi iliyochakaa. Kuna mzee Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi, ambaye alinisikiliza nikiieleza, kisha akasema maelezo hayamsaidii, ila akiisikia ikipigwa atajua ni ya nani. Sikuwahi kumfikisha. Anaitwa Mzee Siriaki, anaishi nyuma ya kanisa, na masikio yake bado ni mazima. Ombeni gari wiki hii.